Somo: Kumkumbuka Babu Aliyebuni Ndege

Wapendwa, tunapomzika babu, mara nyingi husomwa orodha ya kazi na vyeo vyake, kisha tukaketi. Je, huko ndiko kumkumbuka? Tumtazame Barnes Wallis, mbuni wa ndege wa Uingereza, aliyestaafu mwaka 1971 na kufariki tarehe 30 Oktoba 1979 akiwa na miaka 92. Alizikwa kwenye kanisa la kijiji chake, Effingham.

Ndege yake iitwayo Wellington ilisukwa mifupa kama tenga, ikavikwa kitambaa. Risasi zilipokata fito chache, zilizobaki zilibeba uzito. Zilitengenezwa zaidi ya 11,000. Hayo ni rahisi kuwasimulia wajukuu.

Lakini usiku wa tarehe 16 Mei 1943 mabomu aliyoyabuni, yaliyorukaruka juu ya maji, yalibomoa mabwawa mawili ya Ujerumani. Mafuriko yaliua watu zaidi ya 1,000, wengi wao wageni waliolazimishwa kufanya kazi huko. Katika askari wa anga 133 waliotumwa, 53 waliuawa. Wallis alilia kwa ajili ya vijana hao. Sisi twaona hili nalo lisimuliwe, maana mjukuu asiyelijua hatamwelewa babu.

Nyumbani, pamoja na watoto wake 4, alilea wana 2 wa shemeji yake, yatima wa bomu. Na mwaka 1951 alipotunukiwa pauni 10,000 kwa kazi zake za vita, alizitoa kwa Christ's Hospital, shule iliyomlea mwenyewe, wasomeshwe watoto wa askari wa anga waliokufa au kuumia.