Mama Kijana na Operesheni ya Moyo

Mama, kubeba bidoni moja ya maji kunakukatisha pumzi? Usiku huwezi kulala chali? Njoo kwa munganga. Pengine mlango wa moyo umeharibika, kisa homa iliyofuata maumivu ya koo ulipokuwa mtoto.

Wakikutajia operesheni, sema mapema: "Ninataka kuzaa tena." Usione haya, neno hili linabadilisha mpango. Mlango mgumu wa kaboni unadumu, lakini utameza warfarini kila siku, maisha yote, damu isigande. Nayo inaweza kuharibu mimba. Ule wa ng'ombe ao nguruwe kwa kawaida hauombi dawa ile siku zote, ila huchakaa, zaidi kwa kijana, na utapasuliwa tena. Ongea na baba watoto. Sindano ya penisilini ya kila majuma 4 usiiache, hata ukiisha kupasuliwa.