Kupima Kabla ya Kununua

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya chuma hata kimoja kulazwa chini, wapimaji walitangulia. Waliandika palipo kilima, palipo mto na palipo tambarare. Ndipo ilipojulikana njia ipite wapi na vyuma viagizwe vingapi. Kazi ya kuunganisha kompyuta nayo ina desturi hiyo hiyo.

Kompyuta zilizounganishwa zipate kupelekeana habari huitwa mtandao. Katikati ya mtandao hukaa swichi. Hii si swichi ya kuwashia taa. Ni kisanduku chenye matundu mengi, na kila tundu hupokea waya wa chombo kimoja. Habari iingiayo kwa tundu moja hupelekwa kwenye tundu la chombo kilichokusudiwa, kama tarishi agawavyo barua.

Mfano ni wa shule iliyo Igoma, mjini Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma. Wazazi wamechanga fedha za mtandao, na Mwalimu Mkuu ataka kwenda dukani siku hiyo hiyo.

“Kompyuta za wanafunzi ni 20,” asema, “za walimu 3, na mashine ya kuchapia 1. Jumla 24. Dukani ipo swichi ya matundu 24, imetosha.”

Fundi, mtu asiye na haraka, amjibu, “Ngoja kwanza, Mwalimu. Waya uletao intaneti utaingia tundu gani? Na waya wa kwenda maktaba je? Na mwakani mkipata kompyuta 10 nyingine?”

Mwalimu ahesabu tena: 24, na 2, na 10, ni 36. Swichi ya matundu 24 isingetosha hata siku ya kwanza. Yafaa ile ya matundu 48.

“Na maktaba iko mbali gani?” fundi auliza.

“Si mbali. Ni mita 80 tu.”

Waya wa shaba wa mtandao haupasi kuzidi mita 100 kutoka chombo hadi chombo. Ukizidi, habari huweza kupotea njiani. Basi mita 80 zaonekana kuwa salama. Lakini fundi achukua kamba ya kupimia, wote wawili watoka nje. Kati ya nyumba hizo mbili pana jabali kubwa lisilochimbika, kama yalivyo mengi katika nchi ya Mwanza. Walizunguka jabali, wapima na kimo cha kuta na urefu wa dari. Jumla yawa mita 125.

“Hapa shaba haifai,” asema fundi. “Zatakiwa nyuzi za kioo, zipelekazo habari kwa nuru, nazo hufika mbali zaidi. Tena kioo hakipitishi umeme; radi ikipiga upande huu, haitafuata nyuzi hizo mpaka upande wa pili.”

Lakini nyuzi za kioo haziingii katika tundu la waya wa shaba. Swichi ya shuleni na ile ya maktaba zote mbili hazina budi kuwa na tundu la namna yake. Basi waya ndio uliochagua swichi, na jabali ndilo lililochagua waya.

Mwisho fundi auliza, “Umeme ukikatika, mtandao uendelee kwa muda gani?”

“Hata watoto wawahi kuhifadhi kazi zao,” ajibu Mwalimu. Basi betri nayo yaandikwa, pamoja na chumba kisicho na vumbi, chenye kufuli.

“Mali bila daftari hupotea bila habari,” asema fundi, akifunga daftari lake. Fedha za wazazi zimesalimika. Sasa waweza kwenda dukani.

MASWALI
1. Kwa nini wapimaji walitangulia reli?
2. Mita 80 zimekuwaje mita 125?
3. Hesabu vyombo ambavyo shule yako ingeunganisha. Swichi yake iwe na matundu mangapi, na kwa nini?