Kutembea Ndhiwa na Shanta Mgongoni Wakati wa Mvua: Mwongozo kwa Msafiri

Kijitabu hiki ni chako wewe unayepanga kuzunguka Ndhiwa kwa miguu, kwa matatu na kwa boda boda katika miezi ya mvua, yaani masika ya Machi hadi Mei, au vuli ya Oktoba hadi Desemba. Hatukukatazi kuja. Wakati huu Bonde la Lambwe hujaa majani mabichi, vumbi hutulia, na wageni ni wachache. Mbayuwayu wa buluu, ndege adimu anayetoka kusini mwa Afrika, huingia Mbuga ya Kitaifa ya Ruma kuanzia Aprili, na anayemtaka hana budi kumfuata mvuani. Ombi letu ni kwamba ratiba yako uipange kwa kuangalia mvua na mito kabla ya kuangalia saa.

Mto hujaa hata mahali ambapo hapakunyesha

Msafiri akisahau mengine yote, hili asilisahau. Mto Kuja, ambao huko juu huitwa Gucha, huanzia nyanda za Kisii na Nyamira. Huteremka hadi upande wa Ndhiwa na Migori, hupokea maji ya Mto Migori, kisha huingia Ziwa Victoria huko Nyatike, ambako mafuriko yake yamehamisha familia mara nyingi. Kwa hiyo unaweza kusimama ukingoni jua likiwaka, ardhi kavu, na bado maji yakapanda mbele ya macho yako, kwa sababu jana jioni ilinyesha Kisii. Anayetazama mawingu ya Ndhiwa peke yake ametazama nusu ya habari.

Yako maonyo ambayo wenyeji huyaangalia. Maji yaliyokuwa mepesi hugeuka rangi ya udongo. Majani, matawi na mabua huanza kupita katikati ya mkondo. Mawe uliyoyaona muda mfupi uliopita huzama. Ukiona hata moja kati ya hayo, rudi juu ukingoni ungoje. Maji yaendayo kasi yakifika magotini yanatosha kumwangusha mtu mzima, na mzigo mgongoni humwongezea hatari. Daraja la chini lililofunikwa na maji usilivuke, kwa miguu wala kwa pikipiki, kwa kuwa huwezi kuona kama kipande chake kimechukuliwa. Kijana wa boda boda akikuambia haendi, usimshawishi kwa kumwongezea nauli. Yeye anaujua mto huo, na ana watu wanaomtegemea nyumbani.

Muulize mwenyeji kabla ya kuondoka. Kiswahili kitakufikisha, lakini hapa ni nchi ya Wajaluo, na swali fupi la Kijaluo hufungua mazungumzo haraka: «Aora opong'?», yaani mto umejaa? Ukijibiwa ndiyo, siku hiyo ni ya kukaa.

Anza asubuhi

Mchana, upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu, hukutana na vilima na nyanda za juu, hewa hupanda na mawingu hukusanyika. Ndiyo maana upande huu wa ziwa mvua kubwa na radi huja zaidi alasiri na jioni. Toka alfajiri, uwe umefika unakokwenda kabla ya saa nane mchana. Ukisikia radi uwandani, ondoka chini ya mti uliosimama peke yake, jitenge na ng'ombe na ua wa nyaya, na ingia ndani ya nyumba au gari.

Udongo mweusi

Katika barabara kuu ya Rodi Kopany hadi Karungu kupitia Ndhiwa mwendo ni mwepesi. Shida huanza ukikata kuingia vijijini. Udongo mweusi wa huku ukilowa hunata, na baada ya hatua chache kiatu huwa kizito mara mbili. Hushika hata pikipiki: tope hujaa kati ya gurudumu na bamba lake hadi gurudumu ligome, dereva ashuke kulichokoa kwa kijiti. Trekta za miwa nazo huchimba mitaro mirefu ambayo maji huifunika. Shika majani ya pembeni, vaa gambuti, na beba fimbo ya kupimia kina.

Nguo kavu za kulalia, dawa, simu na vitambulisho vitie katika mfuko mgumu wa turubai unaokunjwa mdomo. Usitegemee mifuko ya plastiki ya kubebea. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017. Na tangu Juni 2020 plastiki ya kutumiwa mara moja, chupa za maji zikiwemo, hairuhusiwi katika mbuga za kitaifa. Beba chupa ya chuma.

Ruma na Thimlich Ohinga

Ruma ndiyo makao ya mwisho ya swala korongo nchini Kenya, na ina vifaru na nyati pia. Usiingie kwa miguu peke yako. Panga gari lenye nguvu ya magurudumu yote manne na uwaulize askari wa wanyamapori langoni njia zipi zinapitika. Mbung'o wapo, nao huuma mchana. Rangi ya buluu na nyeusi huwavuta, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki na mikono mirefu. Bonde la Lambwe liliwahi kuteswa na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba ugonjwa huo si tatizo la afya ya umma tena Kenya, kazi kubwa inayostahili kulindwa.

Thimlich Ohinga, upande wa Migori, imo katika Urithi wa Dunia tangu 2018. Kuta zake zilipangwa kwa mawe matupu bila saruji, na zimesimama kwa karne nyingi. Jiwe lililolowa huteleza, na ukuta wa namna hii ukikanyagwa hubomoka. Usiupande, hata kwa ajili ya picha.

Homa, maji na mahali pa kulala

Ukanda wa ziwa ni wa malaria nyingi, na mvua huzidisha mbu. Muone daktari kuhusu dawa ya kinga kabla ya safari, na lala ndani ya chandarua chenye dawa. Homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo, hata ikikupata wiki kadhaa baada ya kurudi kwako; mwambie mhudumu ulikuwa Ndhiwa. Chemsha maji ya kunywa, kwa kuwa mafuriko huchanganya visima na vyoo na kuleta kipindupindu. Usioge ziwani wala kwenye madimbwi: kuna kichocho.

Usipige hema bondeni wala kando ya mto. Piga hodi kwenye boma, salimia wazee kwanza, eleza unakotoka, kisha omba mahali. Kijiji kikijua uko wapi, kutakuwa na watu wa kukutafuta usipoonekana.

Kabla ya kuondoka kila asubuhi, mwachie mtu mmoja jina la unakokwenda na saa ya kufika. Kwa dharura piga 999 au 112. Nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199, na haitozwi.