Kugeuza Picha Kuwa Mchoro wa Msumeno: Mwongozo kwa Mafundi Seremala

Kijitabu hiki ni cha fundi seremala anayetaka kuongeza kazi ya sura za watu kwenye karakana yake, na pia cha kijana mwenye kompyuta ambaye hajawahi kushika msumeno. Kinafuata kazi moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho: kuchukua picha ya mtu, kuipitisha kwenye programu ya kuhariri picha, na kupata mchoro unaoweza kubandikwa kwenye plaiwudi na kukatwa hadi sura itokee.

Msumeno wenyewe na kanuni yake

Msumeno unaohusika ni ule wenye bledi nyembamba ya urefu wa kama sentimita 13, iliyokazwa juu na chini, inayopanda na kushuka huku fundi akizungusha ubao juu ya meza ya mashine. Upo pia wa mkono, wenye fremu ya upinde, na bledi zake ni za namna hiyohiyo. Bledi hufunguliwa upande mmoja, ikapitishwa kwenye tundu lililotobolewa kwa keekee, kisha ikafungwa tena. Ndivyo inavyokata katikati ya ubao bila kugusa ukingo.

Mbao za kutobolewa si ngeni pwani. Roshani za Zahanati ya Kale pale Mizingani, Unguja, jengo lililoanza kujengwa 1887 kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan na kukamilika 1894, zimepambwa kwa kazi hiyo. Ukizitazama kwa makini utaona kila tundu limezungukwa na mbao, na kila kipande cha mbao kimeshikwa na kingine. Aliyezichora aliwaza tundu na kishikizo chake kwa pamoja.

Kanuni ya kazi yetu ni hiyohiyo. Kwenye mchoro, cheusi ni tundu na cheupe ni mbao. Weusi unaweza kukaa popote. Weupe lazima uwe kipande kimoja kinachoungana mpaka kwenye fremu. Doa jeupe lililozungukwa na weusi pande zote litaanguka sakafuni siku ya kukata. Programu haijui hilo hata kidogo: inaweza kukupa sura ya kupendeza kwenye skrini ambayo haina njia ya kukatwa. Zipo programu zinazodai kumaliza kila kitu kwa kubonyeza mara moja. Kwa maua na majani hazina ubaya. Kwa sura ya mtu hatuzipendekezi, kwa sababu jicho moja likikosewa mteja atasema huyo si mama yake.

Picha ya kuanzia

Picha nzuri ya ukutani si lazima iwe nzuri ya kukatwa. Unachotafuta ni kivuli. Mkalishe mtu karibu na dirisha au mlangoni, nuru imjie upande mmoja wa uso, asubuhi au jioni jua likiwa chini. Flashi ya simu hufuta vivuli, na bila kivuli hakuna pua wala shavu. Nyuma yake pawe na ukuta mtupu.

Nguo nazo zina neno. Kanga na kitenge vyenye maua madogomadogo vikipita kwenye programu huwa mamia ya matundu ambayo hakuna mwenye subira ya kuyatoboa. Picha ikiwa imeshapigwa, jiandae kuifuta nguo hiyo baadaye na kubakiza mikunjo michache ya begani.

Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora. Mwambie mteja aitume kama hati. Picha ya zamani ya karatasi, hasa ile ndogo ya pasipoti ambayo mara nyingi ndiyo pekee iliyobaki ya marehemu, iskani kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi. Na kama picha si yako wala ya mteja, omba ruhusa ya mpiga picha kabla ya kuuza kazi. Kulipia mbao hakukupi haki juu ya picha ya mtu mwingine.

Kutenganisha weusi na weupe

Programu tunayoitumia hapa ni GIMP, ambayo haina malipo na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Punguza picha ibaki kichwa na mabega, kisha ipe ukubwa utakaochapa. Kwa karatasi nzima ya A4, kwa nukta 300 kwa inchi, ni pikseli 2480 kwa 3508. Kuza picha sasa, mapema, hata kama inaonekana na ukungu. Ukungu huo utageuka kuwa mistari laini.

Hatua inayofuata ndiyo inayowashinda wengi, na maelekezo mengi yaliyopo hayaisemi kwa sababu yameandikwa kwa kufikiria nyuso nyeupe. Programu ina amri ya kuchagua mpaka: pikseli zenye mwanga chini ya mpaka huo huwa nyeusi kabisa, za juu yake nyeupe kabisa. Katika GIMP ipo kwenye menyu ya Colors, nayo ni Threshold. Kipimo chake hutoka 0 hadi 255, na programu huanzia katikati, kwenye 127. Uso wa rangi ya maji ya kunde au mweusi, ukiachwa kwenye kipimo hicho, huzama wote gizani pamoja na nywele. Hubaki meno na ukosi wa shati.

Dawa ni mbili. Kwanza, kabla ya kuweka mpaka, usiondoe rangi kwa njia ya kawaida. Nenda kwenye Mono Mixer, ndani ya menyu hiyohiyo ya Colors chini ya Desaturate, uipe nyekundu 1, kijani 0 na buluu 0. Ngozi ya hudhurungi hubeba wekundu mwingi kuliko rangi nyingine, kwa hiyo uso huangaza na vivuli vyake hutengana vizuri. Pili, shusha mpaka. Sogeza taratibu kuelekea 80, hata 60, ukitazama paji la uso na shavu lililo upande wa nuru vikifunguka. Kabla ya hapo pitisha ukungu mdogo wa Gaussian Blur ili ngozi isitoe vidoa.

Mpaka mmoja mara chache hutosha picha nzima. Unaoufaa uso utaifuta kofia nyeupe isionekane, na unaoifaa kofia utautia uso giza. Tengeneza nakala tatu za picha katika tabaka tatu, kila moja na mpaka wake, kisha futa kutoka kila tabaka sehemu usiyoihitaji. Hii ndiyo saa ya kutokuwa na haraka.

Visiwa na madaraja

Sasa una picha nyeusi na nyeupe. Weka nakala pembeni, chukua ndoo ya rangi iliyo kwenye kisanduku cha zana, chagua nyekundu, ubonyeze mara moja kwenye weupe wa ukingoni. Wekundu utasambaa popote weupe unapoungana. Kila kitakachobaki cheupe ni kisiwa: kitadondoka. Jaribio hili huchukua sekunde chache na limeokoa plaiwudi nyingi.

Kila kisiwa kina njia mbili: kifute kwa brashi nyeusi, au kijengee daraja kwa brashi nyeupe. Kwa plaiwudi ya milimita 3 hadi 6 daraja lisipungue milimita 2, ambazo kwa nukta 300 kwa inchi ni kama pikseli 24. Vidoa vyeusi vilivyo vidogo kuliko biti ya keekee yako navyo vifute. Biti ya milimita 1.5 ni kama pikseli 18.

Macho yanahitaji utulivu. Ile nukta ya mwanga ndani ya mboni ndiyo inayoupa uso uhai, na karibu daima ni kisiwa. Isogeze kidogo iguse weupe wa jicho, na weupe huo uungane na ngozi kwenye kona ya ndani au chini ya kope. Pua usiichore mzunguko wote; tundu za pua na kivuli cha upande mmoja vinatosha. Midomo ni mstari wa katikati na kivuli chini ya mdomo wa chini. Meno yaache kama utepe mmoja mweupe uliofungwa kwenye pembe za mdomo. Ukichora mstari kati ya jino na jino, bibi harusi wa miaka 25 atatoka amezeeka.

Nywele nyeusi ni tundu kubwa, na tundu kubwa huacha uso ukining'inia kwa shingo tu. Bakiza michirizi ya mwanga kwenye nywele, ianzie kwenye paji na kufika nje, iwe madaraja. Mtandio wa rangi nyepesi au kofia nyeupe hurahisisha sana, maana huunganisha kichwa na ubao wa nyuma bila kubuni chochote.

Kuchapa

Hifadhi mchoro kama PNG. JPEG huongeza vumbi la kijivu pembezoni mwa mistari. Ukiweza, upeleke kwenye Inkscape, nayo haina malipo, utumie Trace Bitmap kugeuza picha kuwa mistari inayokuzwa kadiri upendavyo bila kuharibika. Hapo ondoa rangi ya kujaza, ubakize mstari mwembamba wa nje tu. Wino utakaookoa ni mwingi, na bledi huonekana vizuri zaidi kwenye mstari kuliko kwenye ukingo wa weusi mzito. Vituo vingi vya kuchapa huacha printa ipunguze ukurasa yenyewe. Agiza asilimia 100, na uchore pembeni mstari wa milimita 100 wa kupimia kwa rula.

Ubao, bledi na mapafu

Tumia plaiwudi isiyo na mashimo katikati. Mbao nzima huvunjika kwa urahisi pale daraja jembamba linapokatiza mwelekeo wa nyuzi. Plaiwudi ina nyuzi zinazopishana. Karatasi mbili za milimita 3 zikifungwa pamoja kwa tepu hukatwa kwa mpigo mmoja, nawe ukapata sura mbili.

Funika ubao kwa masking tepu, paka gundi nyuma ya mchoro, bandika. Juu yake weka selotepu pana ya maboksi. Bledi itapita laini na mbao haitaungua. Chagua bledi isiyo na pini mwishoni, kwa sababu yenye pini hudai tundu kubwa mno kwa kazi ya jicho. Namba 1 au 2 inafaa milimita 3, namba 3 inafaa milimita 6. Kata vitundu vidogo vya ndani kwanza, matundu makubwa mwisho, wakati ubao ungali na nguvu. Mashine ya mtumba iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ni ya volti 120. Soma kibandiko chake kabla ya kuichomeka.

Vaa miwani na barakoa. Vumbi la mbao limewekwa na IARC, wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la msumeno huu ni laini kiasi kwamba hulioni likiingia. Fungua madirisha, na usafishe karakana kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia.

Mgongo

Nyuma ya plaiwudi nyeupe weka ubao uliopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, au kitambaa kizito cheusi. Rangi inayong'aa hurudisha mwanga, na vivuli vya uso huwa kijivu. Kwa mninga au mbao yoyote ya hudhurungi nzito, mgongo mweusi haujitokezi. Hapo geuza kazi: kata sehemu zenye nuru, bakiza vivuli, weka mgongo wa rangi ya krimu. Kumbuka kwamba visiwa navyo vimegeuka, kwa hiyo rudia jaribio la ndoo ya rangi, safari hii ukibonyeza kwenye weusi.