Barua ya Mkono wa Mama

1. Ihanja ni mahali katika nchi ya Wanyaturu, mkoani Singida. Watu wake hulima uwele na kufuga ng'ombe, na kazi hizi mbili hutegemeana. Samadi ya zizini hutiwa katika mashamba yaliyo karibu na nyumba. Mvua ikiwa njema, nafaka inayozidi huweza kununua ng'ombe. Mvua ikikosa, ng'ombe huuzwa ili kupata nafaka. Kwa hiyo mtu wa huko akisema, "Tumeuza mtamba," amesema neno kubwa.

2. Palikuwa na mama mmoja wa Ihanja, ambaye binti yake alikuwa akisoma Tabora. Mama huyo hakujua kusoma wala kuandika. Alipotaka kumpelekea mwanawe habari, alimwita kijana wa jirani, akamtajia maneno, naye kijana akaandika. Barua hizo zilikuwa fupi, na zote zilifanana: "Sisi hatujambo, hofu ni kwako. Soma kwa bidii." Mama alikuwa na mengi moyoni, lakini mambo ya nyumbani hayatangazwi mbele ya mtoto wa watu.

3. Mwaka 1970 ulitangazwa na Rais Julius Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika nchi nzima wazee kwa vijana wakaenda kusoma, wengine katika vyumba vya shule, wengine chini ya miti. Mama naye akaenda. Mkono uliozoea mpini wa jembe uliona kalamu kuwa kitu kigumu, lakini hakuacha. Hata baada ya miezi mingi, akaandika barua peke yake.

4. Alisema hivi: "Mwanangu, barua hii nimeandika mimi. Bibi yako mguu umepona, sasa aenda kisimani. Mdogo wako ameng'oka meno mawili ya mbele, hataki kucheka mbele ya watu. Paa la tembe lilivuja, baba yako ameongeza udongo. Ndege walikula uwele, haukutosha. Tumeuza mtamba mwekundu, tukanunua mahindi. Usihangaike, tunakula. Ng'ombe mweusi amezaa. Ndama hana jina, twakungoja wewe."

5. Binti aliisoma barua ile mara tatu. Kwanza alicheka kwa sababu ya meno ya mdogo wake. Kisha akanyamaza, maana katika barua yake ya mwisho alikuwa ameomba fedha za viatu vipya. Siku ile ile akajibu: "Mama, shikamoo. Mwandiko wako sijapata kuuona, lakini nimeutambua. Fedha za viatu msilete. Hivi vya zamani nitavipeleka kushonwa. Ndama aitwe Kalamu." Akaeleza pia habari za chakula cha shule, na mvua, na rafiki anayelala kitanda cha pili.

6. Mtu aliye mbali hukumbuka kwao kwa mambo madogo: paa, kisima, zizi, kicheko cha ndugu. Akiambiwa tu kwamba wote ni wazima, hupokea salamu, lakini haoni nyumba yao. Akiambiwa habari ndogo zilizo za kweli, huona ya kuwa nafasi yake bado ipo, tena huweza kubeba sehemu yake ya mzigo. Siku hizi wengi huzungumza kwa simu, na habari hufika mara moja. Lakini desturi njema ni ile ile. Anayeuliza, na aulize habari za ndama na za mguu wa bibi. Anayejibu, na ajibu kweli.

Maswali

1. Kwa nini barua za kwanza za mama zilifanana?
2. Kuuza mtamba kulikuwa na maana gani kwa watu wa nyumba ile?
3. Binti alifanya nini baada ya kujua shida ya nyumbani?
4. Andika barua kwa mtu wa kwenu aliye mbali. Mweleze mambo matano madogo, yote ya kweli.