Mukanda wa injini ya gari: tuubadilishe lini?



Koperative nyingi sasa ziko na gari yao, hata kama ni ya zamani. Gari ile imenunuliwa na michango ya watu wengi, na kila mavuno inabeba jasho yao. Shoferi anajua kubadilisha mafuta, anajua kupima maji na upepo wa magurudumu. Lakini kuko kitu kimoja ndani ya injini ambacho hakuna mutu anakiangalia, kwa sababu kimefunikwa na hakipigi kelele. Ni mukanda ule mafundi wanaita kuruwa ya distribusyo.

Tusiuchanganye na mikanda mingine ya mbele, ile inazungusha dinamo na ventilateri. Hiyo munaiona mukifungua boneti, na ikikatika shoferi anaweza kuweka ingine njiani. Huu tunaosema uko ndani ya kifuniko chake. Ni wa mupira, una meno upande wa ndani, na katikati yake mumepita nyuzi ngumu. Kazi yake ni kuunganisha shafti ya chini, ile inayosukumwa na pistoni, na shafti ya juu, ile inayofungua na kufunga supapu. Shafti ya chini ikizunguka mara mbili, ya juu inazunguka mara moja. Kwenye injini nyingi za mazuti, mukanda huo huo unazungusha pia pompi inayopeleka mazuti kwenye silinda. Kila kitu kinafika kwa saa yake sababu meno ya mukanda hayateleze.

Sasa, injini ya mazuti inabana hewa sana. Kwa injini kama 1HZ ya Land Cruiser ao 2L ya Hilux, hewa inabanwa karibu mara 22. Ndiyo maana pistoni ikifika juu, inabaki nafasi ndogo sana kati yake na supapu. Mukanda ukikatika wakati gari inatembea, supapu zinasimama pale zilipo, na zingine ziko wazi. Pistoni inapanda na kuzigonga. Supapu zinapinda, wakati mwingine pistoni inapasuka ao kulasi inaharibika. Mukanda wa bei ndogo umeua injini nzima, kwa muda mufupi kuliko kusema jambo.

Si kila gari iko na mukanda huu. Lori nyingi za mazuti zinatumia meno ya chuma mahali pake. Hilux mpya zenye injini ya 1GD na 2GD zinatumia mnyororo. Kwa hiyo swali la kwanza la komite kwa fundi ni hili: injini yetu ni ya aina gani, mukanda, mnyororo ao meno? Jibu liandikwe kwenye kitabu cha gari.

Kama ni mukanda, kiwango kinapatikana katika kitabu cha kiwanda. Kwa Toyota za mazuti za zamani mara nyingi ni kilometa 100,000. Kuko injini na inchi ambako kiwanda kinaruhusu 150,000. Hizo ni hesabu za mutu anayetembea kwenye barabara nzuri. Kwetu sisi mambo ni ingine. Gari inayotoka mashamba kwenda muji inaweza kutumia saa 4 kwa kilometa 60, shoferi akiwa na vitesi vya kwanza na vya pili muda wote. Kwenye lami, kwa saa 4 zile zile angefanya kilometa zaidi ya 200. Mita imehesabu 60 tu, lakini mukanda umezunguka saa 4 nzima. Mukanda hauhesabu barabara, unahesabu mizunguko ya injini. Ongeza vumbi, joto la kupanda milima na mizigo, na matope yanayoingia kama kifuniko kimepasuka.

Kwa hiyo shauri letu kwa gari za vijijini ni kilometa 80,000 ao miaka 5, ile inayotangulia kufika. Miaka nayo inahesabika, sababu mupira unazeeka hata kama gari imelala.

Kwenye tablo ya Land Cruiser na Hilux nyingi za zamani kuko taa imeandikwa T-BELT. Watu wengi wanafikiri taa ile inaona mukanda umechoka. Hapana. Inahesabu kilometa tu, na ikifika kiwango inawaka. Kama mita imekufa, taa haitawaka siku hata moja. Na kama mutu aliirudisha kwenye zero bila kubadilisha mukanda, inadanganya. Tunasema hivi kwa sababu gari nyingi zinatufikia zikiwa zimetumika tayari, zingine zimepitia Dubai, na mita inaweza kuwa imerudishwa nyuma. Gari ya okazyo isiyo na karatasi za matengenezo, mukanda wake ubadilishwe kabla haijabeba muzigo wa kwanza. Musisubiri.

Kuko pia sababu za kuubadilisha mbele ya wakati. Mafuta ya injini ao mazuti yakiuvujia, mupira unavimba na kulegea. Hapo fundi abadilishe pia ile mipira ya kuzuia mafuta iliyovuja, bila hivyo mukanda mpya utaharibika vile vile. Meno yakiwa na mipasuko, nyuzi zikitoka pembeni, mukanda uking'aa kama umepigwa rangi, kazi imekwisha.

Siku ya kubadilisha, tusinunue mukanda peke yake. Galeti, yaani kagurudumu kanakoukaza, iko na umri sawa nao, na ikikwama inaukata mukanda mpya. Kwenye injini zingine hata pompi ya maji inazungushwa na mukanda huu; kama ni hivyo, ibadilishwe pamoja, sababu kazi ya kufungua ni ile ile. Mukanda mpya usikunjwe, usiwekwe juani wala karibu na mafuta. Fundi akimaliza, mbele ya kuwasha, azungushe injini kwa mukono mizunguko miwili kamili ya shafti ya chini, kisha aangalie kama alama zote zimerudi mahali pake. Mutu wa komite awe pale aone kwa macho. Na mukanda wa zamani murudishiwe.

Franga zitatoka wapi? Tufanye mfano. Tuseme vyuma na kazi ya fundi vinafika dola 200. Ukigawa kwa kilometa 80,000, ni dola 2 na nusu kwa kila kilometa 1,000. Gari ikifanya kilometa 1,500 kwa mwezi, karibu dola 4 zinatosha kuwekwa pembeni. Mutunza sanduku azitoe kwenye bei ya usafiri kila mwezi, na ziandikwe peke yake. Bei za kwenu mutaweka wenyewe. Hesabu ni ile ile.

Na wakati? Kwa koperative za kahawa karibu na ziwa Kivu, kazi hii ifanywe mbele ya Machi. Kahawa nyekundu inapaswa kutonolewa siku ile ile ilipovunwa. Gari ikifia njiani na magunia, yanaanza kuchacha, na mulimaji aliyeamka saa kumi na moja kuvuna ndiye atalipwa bei ya chini.

Kwa shoferi tunaongeza neno moja. Injini ikizimika gafula ukiwa unatembea, na ukijaribu kuwasha unasikia inazunguka mbio na nyepesi kuliko kawaida, simama hapo. Usirudie ufunguo, usikubali vijana wasukume gari. Pengine supapu zote hazijapinda bado, na kila jaribio linaongeza zingine. Tafuta gari ya kuvuta, weka vitesi kwenye zero, na fundi afungue kifuniko mbele ya jambo lingine lolote.