Kuitazama Nchi Kabla ya Kuhamia

Jamaa itakayo kuhamia nchi ngeni hutangulia kuitazama. Lakini itazame nini? Na tujifunze kwa Wakristo Wamennonite waliokaa kusini mwa Urusi.

Walipojua kwamba vijana wao watalazimishwa utumishi wa jeshi, mwaka 1873 walituma wajumbe 12 Amerika ya Kaskazini. Katika Manitoba, nchi ya Kanada, waliona udongo mwema, lakini mbu walikuwa wengi mno. Baadhi yao walipendelea Marekani. Wengine wakachagua Manitoba, kwa sababu serikali kuu ya Kanada iliwaahidi kwa barua ya kuwa hawatashika silaha, tena watawafundisha watoto wao katika shule zao wenyewe. Mwaka 1874 jamaa za kwanza zikahamia.

Walakini mambo ya shule yalikuwa mikononi mwa serikali ya jimbo. Mwaka 1916 jimbo liliamuru shule za Kiingereza, na tangu 1922 maelfu wakahama tena kwenda Mexico.

Basi twajifunza haya: udongo, maji na mbu huonekana kwa macho, sheria haionekani, yapasa kuulizwa. Tena tukipewa ahadi, tuulize: Je, aahidiye ana mamlaka ya kuitimiza? Watakaokaa katika jibu hilo ni watoto wetu.